Fundi Saa na Pete ya Tarehe

Ukimpelekea saa, hakuwa na haraka ya kuishika. Alikutazama wewe kwanza, akakuuliza, "Unakaa wapi? Kwenu mvua au vumbi?" Wageni walidhani ni mzaha. Dereva mmoja wa lori alimjibu kwamba amekuja kutengeneza saa, hakuja kuposa. Fundi Saa hakucheka wala hakukasirika. Aliweka mikono mapajani akamngoja, mpaka yule dereva akachoka mwenyewe akasema anakaa Chunya. Hapo ndipo akaipokea ile saa na kuisogeza sikioni.

Mimi nilikaa naye kibaraza kimoja pale Mbeya, mbele ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja mpole, karibu miaka ya hamsini yote. Mimi na cherehani yangu, yeye na meza yake yenye sanduku la kioo. Habari za alikozaliwa na waliomzaa sina, na hata ningekuwa nazo nisingezitia hapa, maana hazinihusu. Mimi mtu huyu ninamjua kuanzia kiunoni kwenda juu. Miguu yake ilikuwa chini ya meza asubuhi mpaka jioni, na siku ya kwanza kumwona amesimama nilishangaa kumbe ni mfupi hivyo.

Yeye aliniita dada, ingawa nilikuwa mdogo wake kwa mbali. Mimi nilimwita Fundi, kama watu wote.

Lile swali lake la mvua na vumbi lilikuwa na maana, ila ilinichukua muda kuijua. Siku zile zilianza kuingia saa za tarehe, zile zenye kidirisha kidogo usoni, namba inachungulia pale na kubadilika kila siku. Watu walizipenda kufa. Lakini huku kwetu hazikudumu. Ndani ya saa ile kuna pete ya chuma iliyoandikwa namba za mwezi mzima, nayo ikiingiwa na maji au jasho, namba zinababuka, unabaki na kidirisha kinachoonyesha kutu. Pete mpya ya kuagiza haikupatikana. Kwa hiyo Fundi Saa alitengeneza ya kwake, ya karatasi, akaibandika juu ya ile ya chuma. Gundi sasa ndiyo ilikuwa na maneno. Ile ya utomvu wa miti ya Chunya ilishika vizuri mahali pakavu, lakini ukiipeleka kwetu Tukuyu, mvua zile zisizojua likizo, ilivuta unyevu ikavimba, karatasi ikainuka, ikakwaruza uso wa saa kwa ndani, na saa ikasimama. Kwa watu wa mvua alitumia vanishi ya maseremala, kidogo sana. Ndiyo maana aliuliza. Saa ilikuwa moja, lakini mahali pake palitofautiana, na yeye alitaka kujua inakwenda kuishi wapi.

Na mimi nilikuwa na sehemu yangu katika kazi hiyo, tena sehemu kubwa, msinidharau. Ubao wa kibaraza ulikuwa mmoja, na cherehani ikikimbia, meza yake ilitetemeka. Basi ikifika wakati wa kulaza pete alisema tu, bila kuinua uso, "Simamisha mguu, dada." Nami nilisimamisha, hata kama sindano iko katikati ya kwapa la koti la mtu. Akajaza pumzi, akaibana. Ile pete ilikuwa nyembamba kuliko ganda la kitunguu, ameikata kwenye karatasi ya barua za ndege. Aliishusha kwa kibanio, akaigusa huku, akaigusa kule, halafu akafunika na bilauri ya chai iliyopinduliwa isije ikaguswa na upepo wa mlima Loleza. Ndipo akapumua, na mimi nikagundua kwamba nilikuwa nimebana pumzi pamoja naye. Mteja wangu aliyekuwa anangoja koti aliwahi kuniuliza kama tunaomba dua.

Kabla ya hapo kulikuwa na kuandika. Nambari thelathini na moja kuzigawa kwenye duara ni balaa, kwa sababu haigawanyiki popote. Yeye hakujisumbua kupima. Ile pete ya chuma ina meno upande wa ndani, jino moja kwa kila siku, basi aliweka karatasi juu yake na kutia alama jino kwa jino. Kisha akaandika kwa unyoya wa kuku aliouchonga mwenyewe, namba ndogo ndogo, kila moja imesimama wima. Saba yake ilikuwa nzuri. Nilikuwa namwambia kwamba hiyo saba ingepata mchumba mapema.

Alikuwa mtu wa ajabu katika mambo mengine. Skrubu ndogo kama yai la chawa ikimponyoka, aliitafuta nusu siku bila kulalamika, anapapasa sakafu kwa kiganja kilicholowa. Lakini mtu akisimama mbele ya meza yake na kuhema tu, alikasirika. Alisema pumzi za watu zina mvuke. Mwezi wa sita, baridi ya Mbeya inapokukata vidole, hakushika kazi mpaka awe amekumbatia kikombe cha chai muda mrefu, na chai yenyewe asiinywe. Ikishapoa ananipa mimi. Nimekunywa chai baridi za mtu yule miaka na miaka, na sijui kwa nini sikuwahi kumwambia kwamba siipendi.

Ukimwuliza, "Fundi, saa ngapi?" alijibu, "Ya nani?" Kwa sababu mezani pake palikuwa na saa nyingi, na kila moja ilikuwa na majira yake. Yeye mwenyewe hakuvaa yoyote.

Kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa kutoka Uyole, mkulima wa viazi na pareto, mtu wa heshima zake. Alinunua saa ya tarehe. Sasa, sisi wote tunajua namna tunavyosoma saa: mshale ukiwa kwenye saba, sisi tunasema saa moja. Yule mzee alichoka kugeuzageuza kichwani, akaizungusha mishale ili moja iwe moja kweli, na kumi na mbili iwe pale jua linapozama. Ikawa raha, mpaka jioni moja alipokaa na wazee wenzake, akatazama kidirisha, akawagombeza wote kwamba leo kulikuwa na kikao na hakuna aliyefika. Kikao kilikuwa kesho yake. Akaja kwa Fundi Saa na hasira, anasema ameuziwa saa mbovu, inaruka siku jua likizama badala ya kungoja usiku wa manane.

Fundi Saa aliichukua, akaisikiliza, akamtazama yule mzee kwa upole. "Saa yako ni nzima, mzee wangu," alisema. "Ila imesilimu. Kwetu sisi Waislamu siku mpya huingia magharibi, na yenyewe imefuata huko huko. Ni wewe uliyeizungusha."

 Nikaona sasa kutakuwa na ugomvi. Mzee wa kanisa akakohoa, akasema, "Basi naomba uirudishe kanisani."

Fundi Saa alicheka mpaka kioo cha kukuzia alichobana jichoni kikamwangukia mapajani. Tangu siku hiyo yule mzee hakupita mjini bila kumletea viazi, wakawa wanataniana kila wanapokutana.

Saa za watu alizijua. Siku hakuzijua, na hili ndilo jambo lililomgharimu. Ijumaa aliijua kwa kuona wenzake wanapita na kanzu. Sikukuu moja ya Idi alikuja kazini kama kawaida, akakuta duka limefungwa, akakaa kibarazani peke yake anashangaa wateja wamekwenda wapi. Akishainamia saa, jana na leo kwake vilikuwa kitu kimoja. Sisi tulicheka. Mke wake hakucheka.

Mke wake alikuwa Iringa, Mhehe, ana shamba lake la maharage huko Kihesa alilopewa na mama yake, na hakutaka kuliacha. Fundi alikuja Mbeya, kwa maneno yake, "kwa msimu mmoja tu," kwa sababu madereva na wachimba dhahabu wa Chunya walikuwa na saa nyingi za kuharibika. Kila mwisho wa mwezi alisema anakwenda nyumbani. Kila mwisho wa mwezi kulikuwa na saa imefunguliwa mezani, na saa iliyofunguliwa haiachwi. Alikwenda, ndiyo, lakini alikwenda kama mvua za Chunya, ukishakata tamaa.

Halafu mama mkwe wake akafariki. Habari ililetwa na dereva wa basi, nilikuwepo. Fundi Saa alishika kichwa, akasema, "Nafunga hii naondoka." Aliifunga. Lakini kulikuwa na nyingine ambayo mwenyewe alikuwa anasafiri. Sikuelewa wakati ule na sielewi mpaka leo, kwa sababu alimpenda mama yule, alimsema vizuri daima. Nadhani aliogopa, akajificha katika kazi anayoijua. Alipofika Iringa matanga yalikuwa yameshaanuliwa na majirani wamerudi kwao. Mkewe alimpa maji, akampa chakula, akamwambia, "Saa za watu unazijua. Siku zangu huzijui. Rudi Mbeya, na usije tena mpaka uzijue."

Alinisimulia mwenyewe, bila kujitetea, huku anafuta bisibisi ambayo ilikuwa safi. Yule bwana alimtaka mke wake. Hakusema hivyo, lakini kuanzia hapo aliacha kuzungumza habari za msimu mmoja, na mtu akitaja Iringa alinyanyua kichwa.

Siku moja akatoa ndani ya droo saa kubwa ya kiume ambayo mchimba dhahabu fulani aliiacha miaka mingi asirudi. Kidirisha chake kilikuwa kutu tupu. Akaanza kuitengenezea pete. Nikamwona ameazima wino mwekundu kwa mwalimu wa shule ya jirani. Akaandika namba zote kwa wino mweusi, isipokuwa tano. Tano aliiandika nyekundu. Watu huwa wameshapata mishahara na kuchukua saa zao kufikia tarehe hiyo, aliniambia, kwa hiyo tano ilikuwa siku yake ya kuwa huru. Kila mwezi, namba nyekundu ikichungulia, mkewe ajue mumewe anaingia. Na yeye atajiandikia tano nyekundu ukutani ili asisahau.

Alipofika kwenye gundi, akasita. "Dada," akasema, "una ndugu yako Iringa. Siku hizi kule mvua au vumbi?"

Nikacheka. Kisha nikamwangalia usoni, nikaona hataniwi wala hatanii. Mtu aliyeuliza watu wote wa nyanda hizi wanakaa wapi, alikuwa ananiuliza mimi hali ya hewa ya nyumbani kwake. Nilimwambia ni upepo na ukavu.

Mwezi huo nilikuwa nakwenda kumwona dada yangu aliyeolewa Iringa, kwa hiyo saa nikaibeba mimi. Basi lilitutikisa barabara nzima, na mimi nimeifunga kwenye kitambaa ndani ya khanga, mkono uko juu yake kama nimebeba yai.

Mkewe nilimkuta uani anachambua maharage. Mama mrefu, mtulivu, anayekutazama mpaka unajikagua kama umevaa vizuri.

"Kamwene," nikamwamkia kwa Kihehe changu cha kubahatisha.

"Kamwene, mwanangu. Karibu kiti. Umetumwa na Fundi wenu?"

Nikampa saa, nikamweleza yote kama nilivyoagizwa: kwamba hiyo tano nyekundu ndiyo siku atakayokuja, kila mwezi, bila kukosa. Nikamfundisha na kuzungusha mishale, kwa sababu saa ile haijui kwamba kuna miezi ya siku thelathini, lazima mtu aisogeze kwa mkono.

"Kwa hiyo na kazi ya kusogeza siku ni yangu," alisema.

 Akachukua saa, akazungusha mishale taratibu, namba zinapita dirishani moja moja mpaka zikaisha zote, akarudi tena mwanzo. Aliziangalia zote.

"Nyekundu ni hii moja tu?"

"Ndiyo, mama."

"Na hizi nyeusi ni za nani?"

 Aliifunga saa kwenye kitambaa kile kile akanirudishia mkononi. "Mwambie kazi ni nzuri," alisema. "Ameandika vizuri sana." Halafu akanipakulia kande, tukala, akaniuliza habari za watoto wangu kama hakuna lililotokea.

Njia nzima ya kurudi nilipanga namna ya kulainisha maneno yale. Nilipofika kibarazani nikamwona anavyoniangalia mikono, nikaacha. Nikaiweka saa mezani.

"Hakuipenda?" aliuliza.

"Alisema kazi ni nzuri. Alisema umeandika vizuri sana."

"Halafu?"

"Halafu aliuliza zile nyeusi ni za nani."

Fundi Saa aliinama. Mteja aliyekuja kuulizia saa yake nikamfukuza mimi. Fundi mwenyewe sikumwonea huruma kabisa, niseme kweli. Nilikuwa upande wa yule mama. Lakini alikuwa jirani yangu, na kumwona amelegea mabega vile kuliniumiza, nikaenda ndani kumwomba Mhindi wetu chai ya moto, na safari hii nikahakikisha anakunywa.

Kesho yake aliifungua ile saa, akaibandua pete kwa mvuke wa birika, ikatoka nzima. Hakuitupa, aliiweka ndani ya kopo. Akakata karatasi nyingine.

"Dada, ukipita kwa mwalimu niombee wino mwekundu. Mwambie chupa nzima."

Nikaomba, nikaleta. Alianza na moja, akaenda mbili, akaenda tatu. Nilishona huku namtazama kwa pembe ya jicho. Saba, kumi, kumi na tano, zote nyekundu. Kufika ishirini na kitu mimi nilikuwa nimesimamisha mguu bila kuambiwa. Alipomaliza thelathini na moja akakausha kwa kupuliza pembeni, akailaza ile pete kwenye kopo jingine juu ya pamba.

"Hubandiki?" nikamwuliza.

"Nitabandika hukohuko," alisema, "nikishaona mwenyewe hewa ilivyo."

Saa za watu zilizokuwa mezani alizimaliza, moja baada ya nyingine, na mpya hakupokea. Waliokuja aliwaambia hapana, na hakuwauliza wanakaa wapi. Siku ya kuondoka alisimama, mfupi vile vile, meza amemwachia Mhindi, vifaa vyote ndani ya sanduku moja la mbao. "Ndaga fijo, dada," akanishukuru kwa Kinyakyusa chetu, ambacho sikujua kama amejifunza. Nikamwambia aondoke upesi kabla hajapata mteja. Basi lilipokata kona nilirudi kwenye cherehani nikalia kidogo, kisha nikafuta macho kwa kipande cha bitana, kwa sababu koti la mtu lilikuwa linangoja.

Habari zake zilikuja kwa madereva, na madereva hawaaminiki. Mmoja alisema amemwona Iringa sokoni, anatengeneza saa za mezani barazani kwa watu. Mwingine alisema amelala wiki nzima msikitini, mkewe hajamfungulia mlango. Wa tatu akasema amerudi Chunya. Nilibishana nao wote. Kibaraza kilikuwa kimepoa, niliendesha cherehani mfululizo bila mtu wa kunizuia, na sikufurahia.

Ilipita miaka kabla sijapanda tena basi la Iringa, dada yangu alipojifungua mtoto wa mwisho. Uhuru ulikuwa unanukia, watu hawazungumzi jingine. Nikamaliza shughuli za mzazi, nikajipa moyo, nikaenda Kihesa. Nilikuwa naogopa kama vile ni mimi niliyefukuzwa.

Mama alikuwa uani. Alininyoshea mkono kabla sijaamkia, na mkononi mwake nikaiona ile saa kubwa ya kiume, imefungwa kwa kitambaa kwa sababu mkanda wake wa kiume ulimpwaya. Nikaishika, nikainama niione. Ilikuwa inatembea. Lakini kidirisha kilikuwa cheupe, hakuna namba. Ule wino wa mwalimu ulikuwa umekwisha wote, pengine kwa jasho, pengine kwa maji ya kufulia, imebaki karatasi tu.

"Mama, namba zimefutika," nilisema.

"Zimefutika siku nyingi."

"Na Fundi hajaona?"

"Ameona. Kila wiki anataka kuniandikia nyingine, namkataza."

"Kwa nini, mama?"

Alinyoosha kidevu kuelekea shambani. Katikati ya maharage kulikuwa na mtu mfupi ameinama na jembe, analima vibaya, anakanyaga na miche.

"Ya kazi gani?" alisema. "Mwenyewe si yule pale."